Mafini za Afya za Valmai

Neville Treloar aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na nne, na miaka yote hiyo chakula chake cha mchana kilikuwa pai ya nyama, mkono mmoja kwenye pai na mwingine kwenye usukani. Alipostaafu aliacha lori, pai hakuiacha. Mwezi wa tano, tulipoanza kuamka na kukuta barafu kwenye nyasi, kifua kilimbana akiwa anapasua kuni. Wakampeleka hospitali ya mjini, na baada ya siku nne akarudi na mfuko wa vidonge na uso wa mtu aliyekemewa na mwalimu.

Mereana, nesi wa zahanati yetu hapa Waimoko, alimkalisha chini pamoja na mkewe, Valmai.

"Mzee Neville, pai basi."

"Basi kabisa, au basi kidogo?"

"Kabisa. Na bekoni, na soseji, na siagi ya kupaka kama unapiga lipu. Halafu utembee, nusu saa kila siku."

"Sasa nile nini, nesi? Majani nimewaachia ng'ombe."

Mereana akacheka, akamgeukia Valmai. "Mama Valmai, si wewe ndiye fundi wa mafini mji huu? Mtengenezee za mboga. Karoti, zukini, mchicha, unga wa ngano usiokobolewa, mafuta vijiko viwili tu. Awe na kitu cha kushika mkononi badala ya pai."

Fundi alikuwa yeye kweli. Valmai alikuwa ameshinda utepe mwekundu wa mshindi kwa mafini zake za chumvi, vile vikeki vidogo vya kuokwa kwenye karatasi, mara tisa kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya. Mafini zake zilikuwa na jibini ndani na jibini juu, na mimi, jirani yake wa miaka ishirini, nimewahi kumwona mchungaji akikwangua karatasi ya mafini kwa meno akidhani hakuna anayemtazama. Mtu kama huyo kuambiwa apike kwa vijiko viwili vya mafuta, ni sawa na kumwambia seremala ajenge ghala bila misumari.

Lakini mume ni mume. Jioni ile ile alikuna zukini mbili, yale maboga membamba kama matango, akazikamua maji kwa kitambaa, akakuna karoti, akakatakata mchicha, akachanganya na unga ule wa kahawia, yai moja na maziwa yasiyo na mafuta, akagawa kwenye trei ya mashimo kumi na mawili. Baada ya dakika ishirini na tano zikatoka oveni zimelala chali, ngumu juu na mbichimbichi katikati.

Neville alibandua karatasi ya mafini ya kwanza. Nusu yake ikabaki kwenye karatasi. Akatafuna kwa muda mrefu, macho yakiwa dirishani.

"Ikoje?" Valmai akamuuliza.

"Si mbaya. Kwa mtu aliyelazwa."

Siku tatu baadaye Valmai alikwenda kuchukua kuni, akakuta mafini sita zimepangwa nyuma ya rundo, hazijang'atwa. Na kwenye gari, chini ya kiti cha dereva, mfuko wa karatasi wa duka la pai, bado una joto.

Aliniambia baadaye kwamba alisimama pale penye kuni akipiga hesabu yake. Mafini asiyoila haimsaidii. Pai inamuua. Basi kama kipande kidogo cha bekoni kitamfanya ale karoti tatu, bekoni hiyo ni dawa. Ndivyo alivyojiambia. Mimi nadhani kulikuwa na jambo la pili ambalo hakujiambia: kwamba katika miaka arobaini na moja ya ndoa hakuna chakula chake kilichowahi kutupwa nyuma ya kuni.

Asubuhi iliyofuata, Neville akiwa bado bafuni, alikaanga vipande vinne vya bekoni vikakauka, akavisaga hadi vikawa kama pilipili manga. Akaongeza kikombe cha jibini kali, akaweka siagi mahali pa mafuta. Mboga akaziacha zote, maana yeye si mwongo kiasi hicho.

Neville alikula mbili kwa mkupuo. Akachukua ya tatu.

"Valmai. Hii ni mboga?"

"Unaiona karoti, huioni?"

"Naiona." Akaigeuza geuza kwenye mwanga. "Yaani miaka yote hii nilikuwa naishi kama mjinga."

Kuanzia siku hiyo Neville alikuwa mtu mwingine, na nitakuwa mkweli, alikuwa mtu wa kuchosha. Duka la pai alilipita ameangalia mbele kama askari wa gwaride. Kila asubuhi alifunga mafini mbili kwenye kitambaa, akatembea kilomita mbili na nusu hadi duka la vifaa vya wakulima, ambako wazee wenzake hukaa kwenye benchi la nje, akawaonjesha kwa lazima, akarudi kwa miguu. Mchana, kama kuna mtu hajaonjeshwa, alitoka tena.

"Kelvin," alimwambia rafiki yake mmoja aliyekuwa na soseji mdomoni, "hiyo unayokula itakuzika. Shika hii. Mboga tupu."

Kelvin akaonja. "Tamu."

"Ndiyo ladha ya afya hiyo. Ulimi wako ulikuwa umelala."

Mimi mwenyewe alinisimamisha kwenye geti langu, akanieleza kwa upole kwamba jibini ni sumu ya polepole. Kidevuni alikuwa na chembe ya jibini.

Mwezi wa tisa Neville alipimwa damu. Mafuta yameshuka, presha imeshuka, kilo nane zimepungua. Mereana alisoma karatasi mara mbili, kisha akampigia simu Valmai.

"Mama, nipe hayo mapishi. Nataka nitoe nakala kwa kila mtu anayekuja zahanati. Na mwezi ujao tufanye siku ya afya ukumbini, mzee aje aeleze mwenyewe."

Valmai angeweza kusema ukweli wakati ule. Lakini Neville alikuwa amesimama mlangoni na suruali iliyofungwa kwa kamba kwa vile mikanda yote imekuwa mikubwa, na uso wake uling'aa kama wa bwana harusi. Valmai akachukua kalamu, akaandika mapishi ya Mereana mwenyewe, yale yale ya vijiko viwili vya mafuta, akaongeza chumvi kidogo na jina lake chini.

Nakala themanini zilitoka. Mji mzima ukapika. Mimi nilipika trei mbili, na nilipowatupia kuku, kuku walizikwepa. Glenys, ambaye kila mwaka huwa wa pili nyuma ya Valmai kwenye maonyesho, alimkabili kwenye foleni ya posta.

"Bibi, zako zinaumuka, zetu zinalala. Kuna kitu umetuficha."

"Nimeandika kila kitu."

"Wewe? Miaka tisa hujawahi kumwambia mtu hata joto la oveni yako."

"Labda hamkukamua zukini vizuri."

Wanawake wa Waimoko wakaenda kukamua zukini kwa nguvu zaidi.

Siku ya afya ukumbi ulijaa, kila mmoja na sahani yake. Valmai alileta trei tatu, na hazikuwa zile za kwenye karatasi, kwa sababu Neville angekula mbele ya watu na ulimi wake sasa ulikuwa macho. Neville alizungumza dakika ishirini. Alisema habari za pai, habari za ng'ombe, na kwamba mwanamume anayempenda mke wake hula karoti. Watu walipiga makofi huku mikono ikienda kwenye trei.

Kwenye meza ya pembeni Mereana alikuwa na kimashine cha kupima mafuta kwa tone la damu ya kidole. Watu walikuwa wanasitasita.

"Anzeni na mke wangu," Neville akasema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Muone mtu anayekula vizuri anavyokuwa."

"Niache, Neville, nina kazi ya chai."

"Njoo, mama. Usione haya."

Akamwongoza kwa kiwiko hadi mezani. Mereana akachoma kidole, akasubiri, akatazama. Akatoa kijiti kingine, akachoma kidole cha pili, akatazama tena.

"Mama Valmai," akasema kwa sauti ya chini, "Jumatatu uje zahanati."

"Mashine imeharibika," akasema Neville.

Wakampima Glenys kwa mashine ile ile. Glenys alikuwa mzima kabisa, na hakuficha furaha yake.

Usisahau kwamba mafini haipikwi bila kuonjwa. Miezi mitano, kila asubuhi, Valmai alikuwa ameonja: unga mbichi kwanza, kisha moja ikitoka oveni kuona kama bekoni inasikika, kisha nusu nyingine kuhakikisha haisikiki. Na wakati Neville anatembea kwenda kuhubiri, yeye alibaki jikoni akiosha trei.

Jumatatu alirudi na vidonge vyake mwenyewe. Neville akamkuta mezani, akamshika bega.

"Usijali. Umenitunza, sasa zamu yangu. Kaa hapo."

Akavaa aproni. Akaipachika karatasi ya zahanati kwenye mlango wa friji, ile yenye jina la Valmai chini, akaifuata kama alivyokuwa akifuata kitabu cha injini ya lori: kijiko juu ya kijiko, hakuna kuruka, hakuna kuongeza. Zukini alizikamua mpaka kitambaa kikachanika. Dakika ishirini na tano baadaye akaweka mbele ya mke wake mafini moja ya kahawia, iliyolala chali.

"Mapishi yako mwenyewe," akasema. "Kula, mama."

Valmai alikula. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Neville alikaa mkabala naye akimtazama kila tonge, naye hakuwa na rundo la kuni la kukimbilia. Siku ya kumi na moja aliiweka chini.

"Neville, zako ulizokuwa unakula zilikuwa na bekoni."

"Zipi?"

"Zote. Bekoni, jibini na siagi."

Neville akavua aproni, akaikunja, akatoka nje, akatembea hadi darajani na kurudi. Alipoingia bado ameshika kofia.

"Kwa hiyo bekoni ndiyo iliyoniponya."

"Hapana."

"Nimepungua kilo nane nikila bekoni, Valmai. Karatasi ya damu ipo."

"Ulikuwa unakula pai mbili kwa siku, ukaacha. Ulikuwa hutembei, sasa unatembea kama tarishi. Bekoni ilikuwa chembe tu."

"Na wewe je?"

"Mimi nimekaa jikoni, nikionja."

Akavuta kiti, akakaa. "Nimemwambia Kelvin soseji itamzika. Nimewaambia watu mia moja ukumbini kwamba ni ladha ya afya. Ulikuwa umesimama pale na birika."

"Nilikuwa nimesimama."

"Nilikuwa naona fahari," akasema Neville. "Sikuwahi kuwa hodari wa kitu chochote zaidi ya kurudisha lori nyuma. Hili nililiweza."

Valmai aliniambia kwamba hapo ndipo alipolia, ukumbini hakulia. Neville hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwenye benchi la wazee akawaeleza mwenyewe, neno kwa neno. Walicheka wiki nzima, kisha mmoja mmoja wakaanza kupita kwa Valmai kuomba mapishi ya kweli. Glenys hakupita. Alisema alijua tangu mwanzo, kama anavyosema kila mara, ila safari hii ilikuwa kweli.

Mereana hakucheka wala hakugomba. Alikaa jikoni kwa Valmai alasiri nzima, wakashindana mpaka wakapata kitu: boga lililochomwa kwanza ili likauke, vitunguu vilivyopikwa taratibu mpaka vikawa vitamu, haradali kijiko kimoja, na jibini kali ukucha tu, juu, mahali ulimi unapofika mwanzo. Ziliumuka. Mapishi mapya yakatoka na majina mawili chini.

Siku hizi ninawaona wakipita asubuhi, Neville mbele na Valmai nyuma yake hatua kumi, ameshika kiuno.

"Taratibu, wewe," anamwita. "Sina haraka ya kufika kwa Kelvin."

Neville anasimama, anageuka, anamsubiri. Juzi niliwaona wamefika kwenye kilima cha shule, na Valmai akamfikia. Neville alimpa mkono, wakapanda.