Kule Yasikofika Magari

Méthode aliapa kutopanda tena baiskeli barabarani tangu siku gari la mizigo lilipomgonga karibu na stesheni ya Seven Hills, huko Sydney, likamvunja mfupa wa bega. Lakini kuiacha kabisa hakuweza. Bukavu alikokulia aliendesha baiskeli kabla hata miguu yake haijafika vizuri kwenye pedeli. Basi akaanza kutafuta njia ambazo magari hayafiki, na akazipata Blue Mountains, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni kutoka kwake Doonside. Zilikuwa njia za changarawe zilizochongwa milimani kwa ajili ya zimamoto, na kwenye kila moja pana geti la chuma lenye kufuli. Ukishainua baiskeli ukaivusha geti, mlima wote ni wako.

Mtu aliyefuatana naye huko ni Lazare, mwenzake wa ghalani Seven Hills. Lazare alikuwa amefundisha shule Uvira kabla ya vita kumtoa, na ingawa Sydney alipakia maboksi kama wengine, Wakongo wa kanisani kwao walimwita Mwalimu. Walimletea barua za serikali awasomee, wakamuuliza hili na lile, na alilosema lilishikwa. Naye, tuseme kweli, alilipenda jambo hilo.

Jumamosi moja ya Juni mwaka 2021 walishuka Katoomba na baiskeli zao mbili. Kutoka stesheni walizisukuma kwa miguu zaidi ya saa nzima, kwa kuwa Méthode hakukubali kupanda mahali panapopita gari hata moja. Walipovuka geti alipunguza upepo kwenye matairi ili yashike vizuri kwenye kokoto, akapanda, akawa mtu mwingine. Njia ile, waitayo Narrow Neck, inapita juu ya mgongo mwembamba wa mlima, bonde huku na bonde huku. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Walipanda vilima vikali wakihema, wakateremka huku changarawe ikirukia miguu yao, na hawakusikia mlio wowote ila ndege na minyororo yao.

Walipoketi kula mkate, Méthode alisema, "Mwalimu, niko na randevu ya chanjo ya korona, wamenipangia Alhamisi. Niende ao ningoje?"

Siku zile simu ya Lazare ilijaa sauti za watu asiowajua, zikieleza chanjo inavyomfanya mtu. Hakujua ni kweli au ni uongo. Angeweza kusema hajui. Lakini neno hilo lilikuwa limempotea mdomoni miaka mingi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Tuone itakuwaje kwa wengine."

Méthode akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa, akaendelea kula.

Wiki mbili baadaye mji ulifungwa. Kufika Agosti, watu wa upande wao wa magharibi hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani, na askari walizunguka mitaani. Milima ikawa mbali kama Kongo. Nicole, mke wa Lazare, aliyekuwa akihudumia wazee, aliambiwa kazini kwake achanjwe au akae nyumbani. Ghalani nako wakatangaza kuwa karibuni watadai karatasi ya chanjo. Nicole akamwandikisha na mumewe, akamshika mkono, wakaenda pamoja. Sindano ikaingia, ikatoka. Kesho yake mkono uliuma kidogo, basi.

Lazare alikusudia kumpigia Méthode jioni ile ile ya sindano. Lakini amwambie nini? Kwamba lile alilomkataza yeye mwenyewe amelifanya? Akaahirisha hadi kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Zamu zao ghalani zilikuwa zimetenganishwa, lakini waliongea simuni mara tatu au nne katika siku hizo, tena kwa kirefu: habari za mafuta ya mnyororo, habari za njia nyingine ambayo Méthode ameiona kwenye ramani. Lile moja Lazare hakuligusa.

Mwisho wa Agosti Méthode akaanza kukohoa. Siku ya tano gari la wagonjwa lilimchukua, na mkewe Marie-Jeanne na binti yao Aline walifungiwa nyumbani, hawakuweza kumfuata. Siku moja muuguzi aliinua simu ya video mbele ya uso wa Méthode, Lazare akamwona akiwa na barakoa ya hewa. Sauti ilikuwa imekwisha. Alichosema ni kwamba kinga yake, kama watu wa Bukavu waitavyo baiskeli, isiachwe kwenye mvua. Siku tatu baadaye alifariki.

Mazishini waliruhusiwa watu kumi tu. Marie-Jeanne alipoandika majina kumi, la Lazare lilikuwa la tatu. Lazare alisimama kando ya kaburi, mikono imemshinda pa kuiweka, na pasta alipomtaja yeye kuwa rafiki wa kweli wa marehemu, aliinama akatazama udongo.

Novemba, njia zilipofunguliwa, Marie-Jeanne alimpigia simu. Alisema mume wake alikuwa akienda milimani yeye akiwa amelala baada ya zamu ya usiku, na hakuwahi kuona ni wapi. Alitaka kupaona, na alitaka kwenda na baiskeli ile.

Wakaenda wawili, baiskeli moja, Lazare akiisukuma. Getini waliiinua pamoja. Walitembea juu ya mgongo ule bila maneno mengi, hadi mabonde yakafunguka pande zote mbili. Hapo Marie-Jeanne alisimama.

"Shemeji," akasema, "ile randevu ya chanjo nilimtafutia mimi. Akaifuta, akakataa kuniambia sababu. Wewe alikuambia?"

Lazare angeweza kusema hapana. Hapakuwa na shahidi. Lakini alimweleza yote, neno kwa neno, na mahali penyewe walipokuwa wameketi. Kisha akamweleza pia lile ambalo hakuulizwa, kwamba Agosti yeye alichanjwa na akanyamaza.

Marie-Jeanne aligeuka akalitazama bonde.

"Kumwambia angoje, hiyo naielewa," akasema mwishowe. "Wote tuliogopa. Lakini ulipoenda wewe, alikuwa bado mzima. Kwa nini hukumpigia simu?"

"Niliona haya."

"Haya," akarudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokijua.

Akaichukua baiskeli mikononi mwake. Alikuwa hajapanda kwa miaka ishirini. Aliyumba, akakanyaga chini, akapanda tena, kisha akashika njia, mgongo umenyooka, hadi kona ikamficha. Lazare alibaki amesimama kwenye upepo. Kila alipotaka kumfuata alijizuia. Ilipita karibu saa nzima kabla hajamwona akirudi, macho mekundu, vumbi hadi magotini.

Katika treni Marie-Jeanne alikaa kiti cha peke yake. Doonside, Lazare aliinyanyua baiskeli akaishusha, na yeye akaipokea.

"Usije nyumbani kwa sasa," akamwambia. "Siku nikiweza, nitakuita."

Pasaka ilifika, ikapita. Kanisani walisalimiana kwa heshima, kila mtu akaenda kwenye benchi lake. Lazare alimsimulia Nicole yote, na Nicole alilia, akasema ni juu ya Marie-Jeanne sasa, wala asimharakishe.

Asubuhi moja ya Jumamosi, akisubiri treni ya kwenda kazini pale Doonside, Lazare alimwona Marie-Jeanne ng'ambo ya reli, upande wa treni za milimani. Alikuwa peke yake, kofia ya baiskeli kichwani, ameegemea kiti cha baiskeli kama mtu aliyezoea. Lazare alijua kuwa ameonekana, lakini hakuitwa. Treni ya milimani ikaingia kati yao, na ilipoondoka, upande ule ulikuwa mtupu.