Shakwe wa Paa la Kiwanda

Kila mwaka baridi ikiisha, shakwe walirudi kutoka safari yao ndefu na kutaga juu ya paa la kiwanda cha samaki. Uani walipokonyana matumbo ya samaki hadi damu ikawatoka. Waliwadondosha kome kwenye bati ili magamba yapasuke, na kifaranga aliyepotea mbali na kiota chake alimezwa mzimamzima na jirani.

Safari hii viota viliziba mifereji, maji yakafurika chumba cha kupakia, na fundi wa mapaa akaitwa. Mwanamke huyo alipanda na kaka yake, ambaye mtaani walimwita Kisirani, na jina halikumkosea.

"Tuanzie upande usio na viota," fundi alisema. "Hawa wakiwa na mayai hawana mchezo."

"Ndege tu hao, mdogo wangu. Unaogopa manyoya?"

Kisirani akainua koleo, akamtwanga shakwe mmoja aliyekuwa ameatamia. Shingo ikavunjika. Akayaponda mayai kwa buti huku akicheka. Kicheko hakijamtoka sawasawa, shakwe wengine wakamshukia kama mvua ya mawe, wakamnyea, wakamchana utosi. Mmoja akamdonoa juu ya jicho, damu ikamfunika uso. Akazungusha koleo ovyo, haoni mbele wala nyuma.

"Lala chini, kaka! Lala!"

Fundi alimkimbilia. Koleo likampata mkononi, mfupa ukalia kak! Kisirani naye alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea ukingoni. Fundi akamdaka mkanda kwa mkono mzima, wakaanguka wote juu ya bati.

"Niacheni, ndege nyie!" Kisirani akafoka, akamrushia dada yake teke la kifua. Koleo likainuka tena.

Hapo fundi akapandwa na hasira. Akamng'ata kaka yake kifundo cha mkono, akakaza meno mpaka koleo likaporomoka uani. Kisha akamburuta hadi kwenye ngazi.

Hospitalini, mmoja akishonwa, mwingine akifungwa plasta, Kisirani alinong'ona, "Umening'ata kama mbwa."

"Ungepiga tena, ningeng'ata koo."

Shakwe walipoondoka na makinda yao, fundi alipanda kumalizia kazi, mkono ukiwa bado mzito. Kisirani alibaki chini. Ngazi ilikuwa imefungwa kwa kamba madhubuti, lakini aliishikilia kwa mikono miwili mpaka dada yake alipotua.