Feni Inayosema Sifuri

Mimi mashine ikinidanganya naona kama imenitukana. Kazini wananicheka kwa hilo. Wao kitu kikigoma wanakizima, wanakiwasha, wanaenda zao kunywa chai. Mimi nakaa palepale nimekikodolea macho mpaka kiniambie ukweli. Ndiyo maana Jumamosi ile, badala ya kufua nguo zilizojaa kwenye beseni, nilikuwa nimekaa kitandani na kompyuta mapajani, nagombana na seva ya baba yangu iliyo mji mwingine kabisa.

Seva ni jina la kuipamba tu. Ile ni kompyuta kuukuu ya ofisini iliyokuwa itupwe, nikaiomba, nikaipangusa vumbi, nikaiweka sebuleni kwa wazazi, pembeni ya kiti cha baba. Naweza kuiingia kwa mtandao nikiwa kwangu. Ndani yake mmehifadhiwa hazina ya mzee: sauti za mashine. Baba alikuwa fundi wa kiwanda cha kusaga nafaka toka ujana wake mpaka kustaafu, na wenzake walimbandika jina la Sikio. Alikuwa akipita tu, anasimama, anainamisha kichwa, anasema beringi ya mashine ile pale inakufa. Ikifunguliwa, kweli imekwisha. Alipostaafu akaanza kuzirekodi: pampu nzima na pampu mbovu, mkanda uliolegea, gia iliyokosa mafuta. Sasa mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi alikuwa amemwomba aende na sauti zake akawafundishe vijana kusikiliza mashine. Kazi ianze Jumatatu. Mzee alikuwa haambiliki kwa furaha.

Na seva nayo ikaona hiyo ndiyo wiki ya kususa. Inawaka, inakaa kidogo, inajizima. Nikijaribu kuzivuta zile sauti zije kwangu, inazimika katikati ya kazi. Ikifa moja kwa moja, Jumatatu baba anakwenda chuoni mikono mitupu.

Nikaanza na joto. Kwenye ubao wa kompyuta kuna chipu inayopima joto na mwendo wa feni, na kuna programu ndogo, draiva, inayoisomea kompyuta kile chipu inachosema. Nikaomba vipimo. Cha kwanza, nyuzi hamsini. Cha pili, nyuzi mia na ishirini na saba. Cha tatu kiko chini ya sifuri, baridi ya kugandisha maji. Feni, sifuri. Nikacheka peke yangu chumbani. Sebuleni kwa mama yangu maji yagande?

Nikavitazama vile vipimo kwa muda. Hicho cha mia na ishirini na saba hakikutikisika hata kidogo, na joto la kweli halitulii hivyo, linapanda na kushuka. Kipimo kisichotikisika hakipimi kitu. Nikachimba mpaka nikaliona tatizo: draiva iliyowekwa ilikuwa ya chipu nyingine, jamaa wa karibu wa hii yetu, kwa hiyo ilikuwa inasoma miguu ya chipu isiyounganishwa na chochote na kujitungia majibu. Nikaiondoa, nikaweka draiva yake halisi. Ule moto na ile barafu vyote vikayeyuka. Kikabaki kipimo kimoja cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kinatembea vizuri kama inavyotakiwa, kinapanda taratibu. Nilijisikia raha, nisiseme uongo.

Lakini feni bado ilisema sifuri.

Hapo udadisi ukanipanda kichwani. Draiva sasa ni sahihi. Basi ama waya unaoleta habari za feni umekatika, na feni yenyewe inazunguka salama, ama feni imekufa kweli. Kujua ni lipi kulihitaji mtu aliye pale pale. Mama ni mshonaji, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja wake, alikuwa dukani. Nikampigia baba, nikapaza sauti kama ilivyo kawaida yetu kwenye simu, nikamweleza. Nikamwomba aufungue ubavu wa kompyuta asikilize.

Akaniambia ngoja. Nilijua anachokwenda kuchukua: bisibisi yake ndefu. Ncha anaigusisha kwenye chuma, mpini anaubana sikioni, hivyo ndivyo alivyozipima mashine maisha yake yote. Nami simu yangu haikunipa kitu, simu za siku hizi zinachuja kila mlio usio wa mtu. Akarudi akasema feni inazunguka, tena laini, beringi yake haina neno.

Basi. Baba akishasema juu ya mashine, mimi nimefunga mjadala. Waya ndio umekatika. Nikaiambia seva iipuuze ile sifuri, nikaanza kuzivuta sauti. Ila siwezi kukaa bila kuchokonoa. Nilitaka kujua kama feni inanitii hata kama hainipi habari zake, kwa sababu kutoka kwangu naweza kuiamuru iongeze mwendo. Nikaandika amri, nikamwambia baba naiongeza sasa hivi, asikilize.

"Naam," alisema. "Imepanda. Inavuma vizuri."

Nikatazama skrini. Amri ilikuwa imekaa pale pale nilipoiandika. Nilikuwa bado sijaituma.

Nikaondoa mikono kabisa kwenye kompyuta, nikavikalia viganja kama mtoto aliyekatazwa kugusa, nikamwambia sasa naizima.

"Imezimika," baba alisema. "Kimya kabisa."

Nilitamani nisingefanya lile jaribio la pili. Mashine nimezoea kuzitega, sijawahi kumtega baba yangu, na hapo nilikuwa nimemtega na amenasa. Huku skrini inaniambia prosesa imefika nyuzi themanini na inaendelea kupanda, na muda si mrefu itajizima tena.

"Baba," nilisema, "weka kiganja mbele ya feni. Niambie kama kuna upepo."

Nilimsikia akihema karibu na simu.

"Hakuna upepo," alisema. "Haizunguki." Halafu akaongeza: "Mwanangu, mimi sisikii tena. Wewe nakusikia ukipiga kelele. Vitu vidogo vidogo sivipati."

Nililia, na nilikasirika, vyote kwa pamoja. Nikamuuliza kwa nini wamenificha, maana nilijua mama hawezi kuwa hajui. Akanijibu bila kumumunya maneno kwamba mimi nikijua kitu kimeharibika situlii mpaka nikifungue, naye hakutaka kufunguliwa. Ni kweli, ndivyo nilivyo.

Kwanza tuiokoe seva, nikamwambia. Nikamwagiza alete feni ya mezani, ile ya chumbani kwao, aielekeze kwenye ubavu ulio wazi. Kazi hiyo aliifanya haraka, na kipimo kikaanza kushuka mbele ya macho yangu, sabini, sitini, chini zaidi. Sauti zikaja zote, moja baada ya nyingine.

Nikamuuliza chuoni alikuwa anakwenda kufanya nini katika hali hiyo. Akakiri kwamba alikuwa amepanga Jumatatu asubuhi kusingizia homa. Zile rekodi za mwisho alizifanya masikio yakiwa yameshakwenda, na aliona aibu kuzicheza mbele ya vijana wanaosikia.

Nikaifungua ya mwisho kabisa. Ni pampu ya maji, ya jirani nadhani. Kwanza hakisikiki chochote, kisha sauti ya mama yangu.

"Bado, baba watoto. Haya, imewaka."

"Inalia vipi?"

"Inalia kwa kukatakata. Ka, ka, ka, halafu inanyamaza kidogo."

"Inanyamaza, au inapungua?"

Mama akasikiliza, pampu inagongagonga. "Inapungua," alisema.

"Gusa bomba. Linatikisika?"

"Linatikisika sana huku juu. Huku chini limetulia."

"Basi inavuta hewa. Kuna mahali pamefunguka kabla ya pampu. Fuata bomba mpaka mkono wako ukutane na unyevu."

Zikapita hatua, sauti ya maji, na mama akicheka. "Nimepaona," alisema. "Ni hapa kwenye kiungo."

Nilifungua nyingine, na nyingine. Za zamani zilikuwa mlio wa mashine tu na baba akitaja ugonjwa wake, na mtu asingejua kaujuaje. Hizi mpya ndizo zilizokuwa na kila swali analoiuliza mashine, kwa mpangilio wake, na mama, mwenye masikio, akijifunza kumjibu baba. Nikamwambia baba hizi ndizo atakazofundishia, ila mwalimu aambiwe ukweli leo.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi sitasikia atakachonijibu."

Nikampigia mwalimu. Nilimweleza yote bila kuzunguka, nikamwekea ile ya pampu mwanzo mpaka mwisho. Akaomba nimrudishie pale mama anapofuata bomba. Alisikiliza tena, kisha akaniuliza kama huyo mama naye ana nafasi Jumatatu.

Nikamrudia baba, nikamwambia chuoni wanawataka wote wawili. Aliniomba nirudie. Nikarudia kwa nguvu zangu zote, jirani wa ukuta wa pili akagonga ukuta, nami nikaendelea kupiga kelele mpaka nikamsikia baba anacheka.