Aliyeteremsha Maji

Asubuhi ya Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi ya Tunduma ilikuwa imekaza hata watoto walikuwa wakitoa moshi mdomoni na kuchekana. Tumpale alibandika maji ya kuoga kwenye jiko la mkaa, katika sufuria kubwa wanayopikia wali wageni wakija. Kisha akamfunga mgongoni Lusubilo, mtoto wake wa miezi mitatu, akatoka uani kuanua nepi. Ndani alimwacha mumewe, Ezron, akipiga pasi shati la kanisani, na watoto wawili wakubwa wakicheza kwenye korido: Brenda wa darasa la kwanza, na Ambwene ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

"Baba Brenda, maji yakichemka usiyateremshe," alimwambia akiwa mlangoni. "Nakuja kukuchanganyia."

"Tutachelewa," Ezron alijibu bila kuinua macho.

Walikuwa wanaishi Chapwa, katika nyumba yao wenyewe, ambayo Ezron aliijenga kwa kazi ya kuziba matairi ya malori yanayopanga foleni kwenda mpakani. Nyumba ilikuwa imekamilika isipokuwa dari. Korido yake ilikuwa nyembamba, inatoka jikoni hadi bafuni, na watoto waliipenda kwa sababu sakafu yake ilikuwa ya saruji laini. Vigari vyao vya madumu viliteleza vizuri.

Maji yalipochemka Ezron hakungoja. Aliiteremsha sufuria, akaibeba kwa kitambaa kuelekea bafuni, na simu ikaita mfukoni. Aliyepiga alikuwa dereva aliyepasukiwa tairi. Ndani ya nyumba mtandao ulikuwa unasumbua, kwa hiyo akaitua sufuria pale pale kwenye korido, akatoka barazani kuzungumza.

Tumpale alisikia yowe. Nepi zikamponyoka mikononi. Alipofika, Ezron alikuwa ameshamnyanyua Ambwene, na maji yalikuwa yametapakaa sakafuni yakitoa mvuke. Mtoto alikuwa akirudi kinyumenyume akivuta kigari chake, akaikalia sufuria.

"Niliiweka hapa mara moja tu!" Ezron alikuwa analia kama mtoto mwenyewe. "Nimepokea simu, Mama Brenda, mara moja tu!"

Tumpale alimchukua Ambwene, akamwagia maji ya baridi, ndoo nzima, na nyingine, huku Lusubilo akilia mgongoni na Brenda amejibana ukutani, mikono masikioni.

Kituo cha afya kiliwaelekeza Vwawa, kwenye hospitali kubwa. Pale mapokezi muuguzi aliuliza ilikuwaje.

"Mama yake alikuwa nje anaanua nguo," Ezron alisema.

Hakuna neno la uongo katika hayo. Muuguzi alimtazama Tumpale, akaandika. Tumpale naye aliyasikia, lakini mkono wa Ambwene ulikuwa umemkamata kidole na hakuwa na nafasi ya kufikiri kitu kingine.

Mama mkwe wake alifika siku iliyofuata kutoka Nanyala, akiwa na chupa ya uji na shuka mbili. Watu walimwita Mama Ezron. Alikuwa mjane aliyesomesha watoto kwa kahawa, na wakati ule kahawa ilikuwa imeiva shambani, ila aliiacha mikononi mwa vibarua akaja kulala sakafuni chini ya kitanda cha mjukuu wake. Hakuwa mwanamke mbaya. Alimfulia Tumpale nguo, akambeba Lusubilo, akamwimbia Ambwene kwa Kinyiha wakati wa kubadilishwa bandeji. Lakini kwa Tumpale alikuwa hazungumzi zaidi ya salamu, na hata salamu aliitikia akiangalia pembeni.

Sababu Tumpale aliipata kwa wifi yake, Rozi, aliyekuja kuona mgonjwa.

"Wifi, na mimi nina watoto," Rozi alisema, wakiwa wanasuuza vyombo nyuma ya wodi. "Maji ya moto unayawekaje kwenye njia ya watoto, halafu unatoka kwenda kuanua nguo?"

Kikombe kilisimama mkononi mwa Tumpale. "Nani amekwambia niliyaweka mimi?"

"Kaka ametueleza. Tena anakutetea. Anasema ni uchovu wa uzazi, tusikuseme."

Jioni ile Ezron alipokuja, Tumpale alimwongoza hadi nje ya geti, karibu na wanaouza ndizi.

"Umewaambia nini kwenu?"

Ezron alitazama barabarani. Lori lilipita, akangoja mlio uishe. "Mama ana presha," alisema. "Unajua jinsi anavyompenda Ambwene. Akisikia ni mimi ataanguka."

"Na akisikia ni mimi haanguki?"

"Wewe ni mama wa mtoto. Mama anasamehewa haraka. Mimi ndiye mkubwa pale nyumbani, wote wananiangalia mimi. Mtoto apone kwanza, nitawaambia kwa mdomo wangu. Nakuapia."

Tumpale alikuwa hajalala vizuri tangu Jumapili, maziwa yalikuwa yanamkauka, na wodini mtoto alikuwa anamwita. Alisema sawa. Baadaye alipolikumbuka neno hilo alijiona mjinga, ingawa pale getini lilionekana dogo.

Ambwene akapona. Mapaja yake na makalio yalibaki na ngozi iliyojikunja, yenye rangi ya waridi kwanza na kisha nyeusi, lakini daktari alisema atatembea na kukimbia kama wenzake. Waliporudi Chapwa, familia ikaja. Alikuja Mama Ezron, Rozi, na Mzee Yonasi, baba mdogo wa Ezron, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Tumpale aliwapikia wali na kuku, akawanawisha mikono. Walipokwisha kula, Mzee Yonasi alisafisha koo.

"Mkwe, hatukuja kulaumu. Ajali ni ajali. Ila tumekaa tukaona mzigo umekuzidi. Watoto watatu, mmoja ananyonya. Huyu Ambwene aende Nanyala kwa bibi yake, akue kidogo."

"Mpaka lini, baba?" Tumpale aliuliza.

"Mpaka tuone."

"Nilimwambia mwanangu atafute mke karibu na nyumbani," Mama Ezron alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anazungumza na mapaja yake. "Akaenda mpaka Ileje. Sikukataa. Leo mjukuu wangu ameungua."

Tumpale alimgeukia mumewe. Mtoto alikuwa amepona sasa. Wote waliotakiwa kusikia walikuwa wamekaa pale, wameshiba, wametulia. Ezron alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake iliyeyuka zamani.

"Baba Brenda," Tumpale alisema. "Mama yupo hapa."

Ezron aliendelea kukoroga.

Ndipo sauti ikatoka kwenye mlango wa korido. "Bibi, siyo mama." Brenda alikuwa amesimama na sare yake ya shule, soksi moja imeshuka. "Baba ndiye aliyeweka sufuria. Simu iliita akaenda nje. Mimi nilikuwepo."

Mama Ezron alimtazama mtoto, akamtazama mwanawe, na kwa muda mfupi sana Tumpale aliona uso wa yule mama ukilegea, kama mtu anayekaribia kuuliza. Ezron naye akauona.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?" alimwuliza Brenda.

"Hakuna. Niliona."

"Nimeuliza, nani amekufundisha?"

"Ezron, sema," Tumpale alisema. Hakuwahi kumwita mumewe kwa jina mbele ya wakwe. "Sema ukweli mbele ya mtoto."

Hilo jina ndilo lililoharibu. Mama Ezron alijinyoosha kitini. "Yaani umefika hapo? Unawapa watoto maneno ya kumvunjia baba yao heshima?"

Ezron alisimama, akamshika Brenda mkono, akaingia naye chumbani na kufunga mlango. Wote sebuleni walisikia makofi, na walisikia kuwa mtoto hakupiga kelele. Tumpale aliusukuma mlango kwa bega akaingia, akasimama katikati yao. Mumewe alikuwa anahema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Umeona ulichofanya?" alimwambia Tumpale.

Alasiri ile walimchukua Ambwene. Alienda kwa furaha, amebebwa na bibi yake, akipunga mkono, kwa sababu aliambiwa Nanyala kuna mbuzi wamezaa.

Siku zilizofuata Ezron akawa mume ambaye majirani humtamani. Alileta jiko la gesi, akalifunga mwenyewe juu ya meza ndefu ambayo mtoto haifikii. Alirudi nyumbani mapema. Alimbeba Lusubilo akazunguka naye mtaani. Kina mama wa jumuiya walipokuja kusali walilisifu jiko, na mmoja akamwambia Tumpale, "Mwingine angekufukuza. Mshukuru Mungu kwa huyu." Tumpale akawamiminia chai.

Walipobaki wawili alikuwa akimwuliza, "Utasema lini?"

"Yameshapita, Mama Brenda. Kwa nini unataka kufukua?"

"Mwanangu hayupo. Hayo yamepita?"

"Yuko kwa mama yangu. Siyo kwa mtu baki."

Baada ya muda aliacha kumwuliza. Kila alipopata nafasi alikwenda Nanyala na Lusubilo mgongoni, akamkuta Ambwene amenenepa, anakimbiza kuku, anasema Kinyiha ambacho yeye Tumpale, Mndali wa Ileje, alikifuata kwa taabu. Alimpaka mafuta kwenye kovu. Mama Ezron alikaa hapo hapo kibarazani muda wote, akiangalia mikono ya Tumpale.

Krismasi walikwenda wote. Mvua ilikuwa imenyesha na mahindi yalikuwa yameota hadi kwenye ukuta wa jiko la nje. Tumpale alikuwa ndani ya jiko hilo akigeuza maandazi aliposikia Mama Ezron akimwita Brenda, aliyekuwa akimsaidia kuchambua maharage nje.

"Mjukuu wangu," yule mama alisema taratibu. "Siku ile kwenu, ulisema nini kuhusu maji? Niambie mimi bibi yako. Hakuna atakayekugusa."

Tumpale aliacha mafuta yakiunguruma. Kumbe swali lile la siku ile halikufa. Yule mama alikuwa amelibeba miezi yote hiyo. Kupitia upenyo wa mbao aliona kichwa cha Brenda kikiinuka, kikatazama kule Ezron alikokuwa amekaa na Mzee Yonasi, kikarudi kwenye ungo.

"Nilisema uongo, bibi," Brenda alisema. "Ni mama aliyeweka."

"Kweli?"

"Kweli. Mama aliniambia niseme ni baba."

Mama Ezron alishusha pumzi ndefu. Alimpapasa kichwani. "Mtoto mzuri. Usiseme uongo tena." Akaingia ndani, akamletea soda.

Maandazi yaliungua. Tumpale aliyatoa moja moja, meusi, akayaweka pembeni kwa ajili ya nguruwe. Usiku haukuwa umeingia bado alipompata Brenda peke yake, akinawa miguu.

"Mwanangu, kwa nini ulimwambia bibi vile?"

Brenda aliendelea kusugua kisigino kwa jiwe. "Nikisema hivyo hawapigi mtu," alisema. "Na wewe hawakupigi. Wanakukasirikia tu."

Tumpale alichuchumaa, akamchukulia lile jiwe, akamsugua kisigino cha pili.

Asubuhi ya safari ya kurudi Chapwa alimvalisha Ambwene viatu. Mama Ezron alimkuta mlangoni, mtoto mkononi, mfuko begani.

"Unampeleka wapi?"

"Nyumbani kwake, mama."

"Wazee hawajakaa."

"Wakae," Tumpale alisema. "Mimi sibishani tena nani aliweka maji. Mkitaka ni mimi, basi ni mimi. Lakini huyu nimemzaa, na naondoka naye."

Mama Ezron alimwita mwanawe. Ezron alikuja akifunga kifungo cha shati, akamtazama mama yake, akamtazama mkewe. Ilikuwa nafasi nyingine, pengine ya mwisho, na ilikuwa imefunguka kabisa; maneno mawili yangetosha.

"Mwache tu, mama," alisema. "Unamjua alivyo."

Hivyo Tumpale alimrudisha mwanawe kama mwizi, na pale Nanyala wanasimulia hadi leo kwamba mwanamke wa Ileje alimnyakua mtoto kwa bibi yake bila aibu. Ambwene alilia wiki nzima akimtaka bibi. Ezron alimwombea msamaha mkewe kwa ndugu zake, na wakamsifu kwa uvumilivu wake.

Mwezi wa tatu, jioni moja, walikuwa wamekaa kula. Ambwene alikuwa ameshasinzia kitini. Brenda aliinuka kupeleka bakuli jikoni, na kikasikika kishindo cha chombo kuvunjika. Lilikuwa bakuli la udongo la mama yake Tumpale, alilopewa siku ya harusi.

"Nani amevunja?" Tumpale aliuliza akisimama.

"Lusubilo," Brenda alijibu upesi, sauti kavu, bila kubabaika.

Lusubilo alikuwa amelala mgongoni mwa Tumpale, amefungwa kwa kitenge tangu jua lilipozama.

Ezron aliangua kicheko. "Huyu mtoto!" alisema, akipiga goti lake. "Anamsingizia hata asiyejua kusema!"

Halafu akakutana na macho ya mkewe. Kicheko kikakatika, akainamisha uso, akakata tonge la ugali ambalo hakulila. Jikoni, Brenda alikuwa ameshachukua ufagio.