Pingili Nne

Mzee Tiki alikitazama kile kidude kama baba aliyeletewa mkwe asiyemtaka. Kilikuwa cha plastiki, cha bluu, hakizidi kiberiti kwa ukubwa. Kilikuwa na skrubu moja yenye sindano kwenye ncha, basi, hakuna zaidi.

"Hiki nacho nini?"

"Cha kupunguzia mkanda, Baba," alisema binti yake. "Kilikuwa ndani ya boksi la saa. Wameweka na karatasi ya maelezo."

"Karatasi!" Mzee alicheka kwa pua. "Miaka thelathini na sita nafungua mikanda ya saa za watu, leo nikasomeshwe na karatasi?"

Alikuwa na maneno, yule mzee, na mtaa mzima ulimjua hivyo. Lakini siku hiyo maneno yalikuwa mengi kuliko kawaida kwa sababu roho yake ilikuwa juu. Miaka miwili nyuma mikono yake ilianza kutetemeka. Ilianzia kwenye kijiko cha chai, ikamfuata mpaka kazini. Siku moja skrubu ndogo kama punje ya mchanga ilimponyoka, ikaruka, ikatua kwenye kola ya mteja, na mteja akaangua kicheko. Kesho yake Mzee Tiki akaaga karakana. Alisema amechoka, anataka kupumzika. Uongo mtupu. Hakuwahi kuchoshwa na saa hata siku moja. Aliona aibu, ndiyo hivyo tu.

Tangu hapo akawa anameza vidonge asubuhi na jioni, na mikono ikaanza kusikia dawa. Wiki iliyopita Fundi Mrefu alikuja kumjulia hali. Huyu Mrefu alijifunza kazi kwa Mzee akiwa hajaota ndevu. Sasa ana mvi mbili tatu na karakana ni yake. Alisema kiti cha Mzee pale dirishani bado kitupu, hajamkalisha mtu. Kisha, kwa adabu na macho yakiwa chini, akaongeza, "Jaribu kwanza hapa nyumbani, Mzee. Punguza mkanda mmoja. Ukitoka hauna mkwaruzo, Jumatatu njoo kazini."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Jumatatu ilikuwa kesho.

Mzee hakumwambia mtu alivyokitaka kile kiti. Alikitaka mpaka akakiota mara mbili. Pale nyumbani kila aliyepita alimwambia, "Pumzika, Baba," na hilo neno lilikuwa limemkaa kooni.

"Haya, lete mkono," alimwambia binti yake.

Binti akauleta. Alikuwa tayari kwenye sare, maana zamu yake ilianza saa kumi. Yeye ndiye anayeruhusu mabasi kutoka stendi kuu: anatazama saa, anapuliza kipenga, anapunga mkono, na dereva asipoondoka atamtambua. Saa ile mpya ilimpwaya. Akiinua mkono, inateremka mpaka kwenye kiwiko.

"Ulimnunulia nani hii, twiga?" Mzee akauliza.

"Baba nawe! Walikuwa na hiyo tu."

Mzee alikibana chuma kilichozidi kwa vidole viwili chini ya kiganja cha binti, akahesabu vipande vya mkanda. Pingili nne. "Mbili upande huu, mbili upande ule," alisema. "Ukizitoa zote upande mmoja, kishikizo kinakaa pembeni, unatembea kama umeivaa kinyume. Watu wanakosea hapo. Wanakimbilia kutoa, hawagawi."

Alitandika taulo la manjano mezani, akavuta kiti karibu na mwanga, akavaa miwani. Upande wa ndani wa mkanda kulikuwa na mishale midogo iliyochongwa kwenye pingili. Pini inatoka kwa kufuata mshale, inarudi kwa njia ileile iliyotokea. Akaulaza mkanda ndani ya kidude, akaielekeza sindano kwenye tundu la pini, halafu akaitazama mikono yake.

Mikono ilitulia tuli.

Binti aliona mabega ya baba yake yakishuka. Mzee akaanza kuikaza ile skrubu taratibu, robo mzunguko, robo mzunguko. Pini ikachungulia upande wa pili. Akaikamata kwa kibano, akaivuta, ikatoka bila ubishi. Ya pili ikatoka. Akageuza mkanda, ya tatu, ya nne. Pingili nne zikawa zimelala pembeni ya taulo, hazina hata mkwaruzo.

"Umeona?" alisema. "Umeona mkono huu?"

"Nimeona, Baba. Tena hata mimi siwezi hivyo."

"Wewe huwezi kabisa. Wewe na sindano ni kesi na polisi."

Wakacheka wote wawili. Mzee akaziunganisha zile ncha, akachomeka pini, akaisukuma kwa kidole gumba. Ikaingia yote. Upande wa pili nao hivyo hivyo, kidole tu, nyundo haikuguswa. Loo, alivyofurahi! Zamani pini za mikanda ya namna hii zilimtoa jasho. Leo zimeingia kama zimeitwa. Alijiona kijana. Alijiona ameshakaa dirishani, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, watu wamepanga foleni.

Binti alivaa saa. Ilimkaa vizuri, wala kubana wala kupwaya. Akainua mkono juu, akaupunga kama yuko stendi. "Haichezi! Baba, umeua!"

Akaanza kukunja taulo. Halafu akasimama, akasogeza kidole kwenye mwanga.

"Hiki kidude nini? Kimenasa kwenye nyuzi."

Kwenye ncha ya kidole chake kulikuwa na kibomba cha chuma, kifupi, chembamba, mtu asiyejua angesema ni uchafu wa penseli. Mzee Tiki alikitambua palepale.

Mikanda mingine pini yake haijishikilii yenyewe. Inashikwa na kibomba kinachokaa katikati ya pingili. Ukiisukuma pini, kibomba kinaanguka kimyakimya, na usipokirudisha, pini itaingia kwa ulaini wa ajabu, na itatoka kwa ulaini uleule. Hilo Mzee hakulisoma kwenye karatasi. Lilikuwa somo la kwanza. Kila aliyepita mikononi mwake, Mrefu akiwa wa kwanza, alilipata siku ya kwanza kabla hajaruhusiwa kugusa kitu. Miaka thelathini na sita hakukisahau hata mara moja. Leo hakusahau tu kukirudisha. Alisahau hata kwamba kipo.

"Takataka tu," alisema. "Tupa."

Kauli ilitoka haraka mno, na akaisikia mwenyewe. Binti alikiacha kibomba mezani, akachukua mkoba, akaweka kipenga shingoni, akambusu baba yake kwenye paji la uso. "Nampigia Mrefu njiani. Namwambia kesho unakwenda."

Mzee aliusikia mlango ukifunguliwa. Akilini aliuona ule mkono ukipungwa stendi, saa ikiruka, basi likiikanyaga. Hilo lilikuwa dogo, saa inanunulika. Aliona pia saa za watu wengine, foleni nzima ya watu wanaomwamini, na yeye akiwarudishia mikanda iliyolegea huku akijisifu.

"Mama, rudi."

"Baba, nachelewa."

"Rudi, nakwambia. Vua saa. Hiyo si salama. Nimesahau vibomba."

Binti alirudi, akaketi, akaivua. Mzee akamweleza. Binti akacheka, cheko la kumpoza. "Ndiyo hilo tu? Kila mtu anasahau. Jana mimi nimesahau funguo kazini."

"Umesahau funguo. Mimi nimesahau kazi."

Hapo kicheko kikakatika. Mzee akaendelea, maana alikuwa ameshaanza, na kuacha katikati kungemuumiza zaidi. Alimwambia kwamba wiki hii alikwenda dukani mara tatu kununua kiberiti, na viberiti vitatu viko kwenye droo. Kwamba juzi alisimama kwenye kona anayoipita kila siku akawa hajui akunje wapi. Kwamba alidhani ni uzee, akajiambia shida yake ni mikono, mikono ikipona atakuwa mzima. "Naogopa," alisema. Hajawahi kumwambia mwanawe neno hilo.

Binti alimshika bega.

Wakapiga magoti wote wawili, wakatafuta chini ya meza mpaka wakakipata kibomba cha pili. Kisha Mzee akarudi kwenye mwanga. Akatoa pini, akavirudisha vibomba katikati ya pingili, kimoja kimoja, kwa kibano, kwenye tundu lisiloonekana vizuri hata na macho ya binti. Hakutetemeka hata kidogo. Safari hii pini zilibisha kama inavyotakiwa, akazigonga kwa nyundo ndogo, tik, tik, zikakaa. Ilikuwa kazi safi, na wote wawili walijua.

"Sasa mpigie Mrefu," alisema. "Mwambie siji."

"Nimwambie kwa nini?"

Mzee alifikiri. "Mwambie mikono."

"Baba, mikono yako..."

"Mwambie mikono."

Miaka miwili alikuwa ameificha mikono hiyo kama mwizi, mezani akaikalia, barabarani akaitia mfukoni. Sasa ilikuwa imewekwa juu ya taulo la manjano mbele ya macho ya binti yake, imetulia, na alikuwa akiisingizia. Binti aliitupia macho, akapiga simu, akaiweka kwenye sauti ya nje kwa sababu mzee alimwashiria.

"Mpe Mzee shikamoo yangu," alisema Mrefu kwa bashasha. "Vipi dada, jaribio limekwendaje?"

"Hajaweza, kaka. Mikono. Imeanza tena."

Mrefu akashusha pumzi. "Pole yake, jamani. Pole sana. Lakini mwambie asivunjike moyo. Mikono si kitu, ninao vijana wenye mikono. Mwambie kesho aje hivyo hivyo, akae dirishani atuelekeze tu. Mimi ninachokitaka kwa Mzee ni kile kichwa chake."

Binti alimgeukia baba yake. Mzee Tiki alikuwa anatazama dirishani.

"Mwambie ahsante," alisema.