Ukungu Uliotiwa Pindo

Kabla cherehani hazijaanza kelele, msimamizi wa karakana ya sare aliwasha feni ya ukungu. Feni ilivuta maji ya tangi la juu ya paa, ikayapuliza laini kama moshi. Mafundi walishukuru, maana joto la yale mabati halikuwa na adabu.

Mkwe wa Mama Pindo akakohoa. Alikaa kwenye cherehani iliyo jirani na ya mama mkwe wake, tumbo la mimba likigusa meza.

"Kikohozi hicho utamrithisha mjukuu wangu," alisema Mama Pindo.

"Mama, nikinyamaza unasema nimenuna. Nikikohoa nako kosa."

Jana yake daktari aliwaambia kwamba ni vijidudu vya maji, na havikuingia kwa kunywa, viliingia kwa pumzi. Pafu moja lilishaanza kujaa. Angekaa nyumbani, lakini kiti chake kingepata mtu mwingine kabla ya chai.

Mama Pindo alipanda ngazi, akafunua tangi. Maji yalikuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, na utelezi wa kijani umeshika kuta zote. Akashuka kumwambia msimamizi.

"Kulisafisha ni kusimamisha kazi siku nzima," msimamizi alijibu. "Na maji yenyewe hamyanywi."

Basi Mama Pindo akachukua mkasi. Aliukata ukungu pale pale unapotoka kwenye feni, mstari umenyooka, bila chaki. Akaupiga pasi, akautia pindo pande zote usije ukafumuka, akaukunja na kuuweka chini ya meza. Ulikuwa mzito kuliko kitambaa cha poplini na ulinuka tope. Alipomaliza kipande kimoja alikata kingine, na sare zake hazikuchelewa.

Fundi wa vifungo alipita, akaupapasa. "Dada, mkono wako hauna mfano. Uzi gani huo?"

"Mweupe. Mwingine unaonekana."

Wiki ilipokwisha, mkwe alikuwa anapumua bila kushika ubavu.

"Mama, sasa nimenyamaza. Nimenuna?"

"Umenuna. Shona."

Msimamizi alikuja kukagua. Alivuta pindo la ukungu kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, na mshono haukuachia hata uzi mmoja. Akamsifu mbele ya karakana nzima, na alisifu kwa dhati. Kesho yake alimletea mkasi mpya, rafu ya kupangia ukungu, na feni ya pili, nayo akaiunganisha na tangi lile lile.