Meli Iliyozimika Mbali

Mwaka wa 1999, Kalondu alikuwa akimfundisha babake mchezo wa vita vya angani kwenye kompyuta ya kazini, Kitui mjini.

"Chimba madini kwanza, baba, uunde meli, halafu ulinde kituo. Adui hakungoji."

Mzee Mwangangi akaona meli yake moja imezimika mbali. Akatuma zote zilizobaki zikaivute, kama watu wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kijijini, wanavyoitana kazini.

"Aa, baba! Umeacha kituo wazi! Hiyo moja iache ife."

"Mkubwa wa hizi meli ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi ziende."

Mamake Kalondu, mke wa mzee, alikuwa amefia zahanatini akingoja gari la wagonjwa. Wakubwa walisema mafuta hakuna, huku magari yao yakipita barabarani.

Adui akakichoma kituo.

"Umeshindwa, baba."

"Najua. Lakini huyu aliyezimika, walimfuata."